Petroli, mota ya mbele au mota ya katikati: ujenge ipi Nairobi ukitaka gia zijibadilishe zenyewe?

Ukitoka Westlands kuelekea Kangemi kwa Waiyaki Way, barabara inapanda polepole kiasi kwamba ukiwa ndani ya matatu huwezi kujua. Ukiwa kwenye baiskeli, mapaja yanajua. Mkono mmoja unatafuta gia, mwingine umekamata breki kwa sababu matatu imesimama ghafla mbele yako kuchukua abiria, na cheni inakwaruza katikati ya meno mawili haijui ikae wapi. Kwa miaka minne nimepita hapo kila jioni nikirudi Uthiru kutoka Industrial Area, na ni hapo nilipoanza kutamani baiskeli ya mota ambayo gia zake hazinihitaji.

Tangu wakati huo nimejenga mbili, nikisaidiwa na fundi mmoja wa kuchomelea kule Kariobangi. Ya tatu ni ya jirani yangu. Nilimsaidia kuifunga na nimeiendesha vya kutosha kuijua tabia yake. Watu wakinisimamisha barabarani huuliza, "Ipi ni nzuri?" Jibu langu limekuwa refu kila mara, kwa hiyo nimeliandika.

Kwanza tuelewane kuhusu neno automatiki

Muuzaji akikuambia kifaa chake ni cha automatiki, muulize: automatiki ni klachi au ni gia? Hivi ni vitu viwili, na watu wamepoteza pesa kwa kutovitenganisha.

Klachi ya automatiki ina viatu vidogo vilivyoshikwa na springi ndani ya ngoma. Injini ikizunguka polepole, viatu vimelala na baiskeli haiendi. Ukiongeza moto, viatu vinarushwa nje na mzunguko, vinashika ngoma, unaondoka. Ni nzuri sana kwenye foleni, lakini gia bado ni ileile moja tangu Kangemi hadi mjini.

Gia za kujibadilisha hubadilisha uwiano wenyewe kati ya kinachosukuma na gurudumu: ukipanda unapata gia nyepesi, ukifika tambarare unapata nzito. Na hapo kuna swali lingine ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: gia hiyo inamfanyia nani kazi? Mota, miguu yako, au vyote viwili? Aina tatu ninazolinganisha hapa zinatofautiana zaidi hapo kuliko mahali pengine popote.

Vigezo nilivyotumia

Nimepima kila moja kwa mambo yaleyale: gia inajibadilisha vipi na kwa faida ya nani, ugumu wa kuijenga, inavyokwenda mlimani na kwenye foleni, gharama ya kila siku na nani ataitengeneza ikiharibika, kisha inamfaa nani. Sheria na breki nimeziweka mwisho kwa sababu zinazihusu zote.

Jambo moja la jiji letu liingie kwenye hesabu mapema. Katikati ya Nairobi ni kama mita 1,660 juu ya bahari, na Kikuyu mjini imevuka 2,000. Hewa huku juu ni nyembamba, na injini ya petroli isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Mota ya umeme haipumui, kwa hiyo haipotezi kitu. Lakini mlima wenyewe unamdai kila mtu: kuinua kilo 110, yaani mimi, baiskeli na begi, kwa kila mita 100 za mwinuko hula kama wati-saa 40 kutoka kwenye betri. Anayetoka mjini kwenda Kikuyu atatumia karibu wati-saa 150 kwa kupanda tu, kabla hujahesabu mwendo wala upepo.

1. Injini ndogo ya petroli

*Gia.* Injini za baiskeli zinazouzwa kwa wingi ni za mipigo miwili, zikiitwa za 80cc. Pima silinda: upana milimita 47, mwendo wa pistoni milimita 38. Piga hesabu, utapata 66cc. Nyingi zina klachi ya mkono na gia moja tu. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa kwenye gurudumu la inchi 26, injini tayari inazunguka zaidi ya mara 4,300 kwa dakika, na ndiyo maana zinalia vile.

Anayetaka automatiki ya kweli atafute injini ya mipigo minne ya 49cc, yenye klachi ya viatu, kisha aiongezee mkanda na puli mbili zinazojibana na kujiachia. Ni mfumo uleule wa skuta: vijiwe vya duara vinasukumwa nje kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, puli inajibana, mkanda unapanda juu, na uwiano unabadilika bila ngazi. Hapa gia inaifanyia kazi injini peke yake. Pedeli zina cheni yao upande wa pili.

*Kuijenga.* Kazi hii ni ya chuma zaidi kuliko umeme. Ile Black Mamba ya zamani inaipokea injini vizuri kuliko baiskeli ya kisasa, kwa sababu pembetatu ya fremu ni kubwa na chuma chake hakiogopi kuchomelewa. Tatizo ni upana: injini ya mipigo minne pamoja na puli zake hutanuka hadi mikono ya pedeli ikagonga, na utalazimika kutafuta mikono iliyopinda nje. Sproketi ya nyuma usiifunge kwenye spoki na vile vipande vya mpira vinavyokuja kwenye boksi. Nilifanya hivyo mwanzoni, na baada ya wiki chache spoki tatu zilikuwa zimekatika, zote upande wa sproketi. Afadhali upate bangili ya chuma inayobana habu yenyewe, habu nikimaanisha kile kitovu cha gurudumu ambamo spoki zinaanzia.

Jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, nayo iangaliwe. Iliyowekwa kiwandani ni ya sehemu zilizo karibu na usawa wa bahari. Huku petroli inazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi na injini inakohoa. Ukishuka saizi moja au mbili utasikia tofauti siku hiyohiyo.

*Barabarani.* Kwenye tambarare kama Jogoo Road au Mombasa Road inakwenda bila kukuomba msaada. Foleni haiisumbui kama klachi ni ya viatu. Mlimani, yenye mkanda hupanda kwa utulivu huku injini ikilia sauti moja. Ile ya gia moja utaisaidia kwa pedeli. Kelele na mtikisiko ndivyo vinavyochosha. Nati zote zinahitaji gundi ya nati na spana kila Jumamosi.

*Gharama na mafundi.* Mwaka 2025 lita ya petroli Nairobi ilikuwa kati ya shilingi 170 na 190. Injini hizi hutoa kama kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo safari yangu ya kwenda na kurudi, kilomita 32, ilinila shilingi 140 hivi kila siku, bila oili. Ya mipigo miwili huchanganywa oili kwenye petroli yenyewe: mililita 50 kwa lita ikiwa mpya, 40 ikishazoea. Kwa upande wa mafundi, hakuna inayoishinda. Fundi yeyote wa nduthi, yaani pikipiki, anaijua kabureta, plagi na klachi, na Kirinyaga Road utapata beringi, cheni na mkanda bila kungoja meli.

Hakuna jipya katika kufunga injini kwenye baiskeli. Honda yenyewe ilianzia hapo: mwaka 1946 Soichiro Honda alichukua injini ndogo za jenereta za redio za jeshi zilizobaki baada ya vita na kuzifunga kwenye baiskeli.

*Inamfaa* mtu wa safari ndefu za tambarare, asiye na mahali pa kuchaji, na anayependa spana. Anayeishi kwenye ploti yenye watoto wanaolala mapema afikirie majirani.

2. Mota ya umeme kwenye gurudumu la mbele, habu ya gia mbili nyuma

Hii ndiyo ninayoiendesha sasa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Gia.* Mota iko ndani ya habu ya mbele, na mota yenyewe haina gia ya kubadilisha. Gia ziko nyuma, kwa ajili ya miguu. Habu ninayotumia ni ya kampuni ya SRAM, inaitwa Automatix. Ndani yake kuna vizito vidogo vilivyoshikwa na springi. Gurudumu likifika kasi fulani, kwenye gurudumu kubwa ni kama kilomita 18 kwa saa, vizito vinafunguka, kikamatio kinanasa, na gia ya pili inaingia ikiwa nzito kwa asilimia 36 kuliko ya kwanza. Hakuna waya wala betri, na usukani hauna kitu cha kubonyeza. Kinachosikika ni *tk* ndogo chini yako, kisha pedeli zinajaa. Ukipunguza kasi inarudi yenyewe.

Kasi ya kubadilika inafuata mzunguko wa gurudumu. Ukiiweka kwenye gurudumu dogo, kama la inchi 20, itabadilika mapema zaidi, wakati bado unajikokota. Wenye baiskeli za kukunja walijue hilo kabla ya kununua.

*Kuijenga.* Umeme wenyewe ni rahisi: mota, kontrola (kisanduku kinachopimia mota umeme), betri, kihisio cha pedeli, na viunganishi vyenye rangi ambavyo haviwezi kuingiliana vibaya. Kinachohitaji moyo ni ekseli ya mbele. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile, na kinachoizuia isizunguke ni bapa mbili za milimita 10 zilizokaa kwenye mdomo wa uma, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele.

Mimi niliziamini nati. Siku ya tisa, nikiondoka kwenye taa kwa eksileta yote, nilisikia mlio wa chuma, baiskeli ikalegea, na nilipoangalia chini, waya wa mota ulikuwa umejizungusha kwenye ekseli mara mbili na kukatika. Niliisukuma hadi kwa fundi. Aliangalia midomo ya uma iliyotanuka, akasema, "Bosi, ekseli haishikwi na nati. Inashikwa na chuma." Akakata bamba la milimita 6, urefu wa kiganja, akatoboa, kisha akaanza kupiga tupa ile nafasi ya katikati. Anapiga mara tatu, anajaribisha kwenye ekseli, anaitoa, anapiga mara mbili tena. Alifanya hivyo karibu saa nzima, hadi bamba likaingia kwa kugongwa kidogo na mpini wa nyundo na halikucheza hata unywele. Alitengeneza mawili, kulia na kushoto, na mwisho wa kila moja ukabanwa kwenye mguu wa uma. Sijapata shida tena. Kama unajenga aina hii, anza na mabamba hayo kabla ya kuwasha chochote, na uma uwe wa chuma. Uma wa alumini hupasuka bila kukuonya.

Waya unapotoka kwenye ekseli uache ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuelekea kontrola. Mvua ya Aprili itafuata waya, itadondokea pale chini, na haitaingia ndani ya mota.

*Barabarani.* Kwenye foleni ndipo raha yake ilipo. Unasimama, gia imesharudi ya kwanza; unaondoka, mota inakuvuta mbele na miguu inasaidia nyuma, magurudumu yote mawili yanafanya kazi. Cheni ni moja iliyonyooka, unaweza kuifunika yote, na vumbi la Outering Road haliigusi.

Udhaifu wake uko mlimani. Mota ya habu iliyotengenezwa kwenda kilomita 30 kwa saa, ukiilazimisha kupanda kwa kasi ya 10, zaidi ya nusu ya umeme unageuka joto. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, mzigo wa kilo 100 ukitaka kwenda kilomita 20 kwa saa unahitaji kama wati 400 kwenye gurudumu. Mota ya wati 250 pamoja na miguu yako haifiki hapo. Utapanda kwa kilomita 14 au 15. Kwa hiyo mlimani mimi hukanyaga kweli, mota isishuke chini ya mwendo huo. Nikichoka nasimama ipoe. Ndani kuna meno ya nailoni, na joto ndilo linaloyaua.

*Gharama na mafundi.* Safari yangu ya kilomita 32 hula wati-saa 380 hivi, nikikanyaga. Ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, haifiki nusu uniti. Kwa bei ya tokeni nyumbani ni kama shilingi 13 kwa siku. Luthuli Avenue utapata viunganishi, fyuzi na waya, na fundi wa umeme mwenye mita ya kupimia anaweza kufuata kontrola. Habu ya gia ndiyo shida: SRAM waliacha kutengeneza habu za gia za ndani, na yangu niliitoa kwenye gurudumu la baiskeli ya mtumba. Ikifa, nitahamia ile ya Sturmey-Archer ya gia mbili inayobadilika ukirudisha pedeli nyuma kidogo. Siyo automatiki kamili, lakini haina waya pia, na mkono unabaki kwenye breki.

*Inamfaa* mtu wa foleni, wa milima ya wastani, ambaye bado anataka kukanyaga. Na mwenye bajeti ya kati: ukipata habu ya mtumba, pesa nyingi zitaenda kwenye betri tu.

3. Mota ya katikati, na habu isiyo na ngazi

*Gia.* Mota inakaa pale pedeli zinapozungukia na kuvuta cheni ileile unayovuta wewe. Kila wati inapita kwenye gia kabla ya kufika gurudumuni. Hii ndiyo aina pekee kati ya tatu ambapo gia inawafanyia kazi wote wawili, mota na miguu, na tofauti yake utaihisi kwenye mlima wa kwanza.

Habu ya jirani yangu ni ya familia ya NuVinci, ambayo siku hizi inaitwa Enviolo. Badala ya meno, ndani kuna mipira ya chuma iliyobanwa kati ya sahani mbili, katika mafuta maalumu. Mipira ikiinama upande mmoja, gia inakuwa nyepesi. Ikiinama upande wa pili, inakuwa nzito. Kwenye matoleo ya N380 tofauti ya nyepesi kabisa na nzito kabisa ni asilimia 380. Katika toleo la automatiki, kimota kidogo ndicho kinachoinamisha. Unachagua miguu yako izunguke kwa kasi gani, nayo inabadilisha uwiano taratibu kuilinda kasi hiyo. Hakuna *tk*. Mara ya kwanza nilipoiendesha nilidhani haifanyi kazi, hadi nilipogundua nimefika juu na miguu haijabadili mwendo tangu chini.

Kuna mifumo mingine ya automatiki ya kampuni kubwa. Shimano kwa mfano wana yao, lakini inataka mota yao, betri yao na fremu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Hiyo hununuliwa ikiwa baiskeli nzima. Kuichukua vipande vipande na kuifunga kwenye fremu yako hakuwezekani kwa vifaa vya karakana.

*Kuijenga.* Pima ganda la pedeli, lile bomba la fremu ambamo ekseli ya pedeli inapita, kabla ya kulipa: mota nyingi za kufunga mwenyewe zinataka upana wa milimita 68 hadi 73. Nyuma, fremu iwe na nafasi ya milimita 135. Black Mamba haina, na kuitanua kwa nguvu hupindisha mstari wa cheni. Kisha kuna ndoa ya mifumo miwili ya umeme ambayo haikuzaliwa pamoja. Jirani alitumia habu ya kizazi cha zamani yenye kidhibiti chake chenyewe, akaivutia umeme kutoka betri kuu. Ilituchukua Jumapili tatu, na mbili kati yake zilikuwa za kutafuta kwa nini habu inasahau mipangilio kila ikizimwa. Ilikuwa inakatiwa umeme kabla ya kumaliza kujihifadhi. Tuliiwekea swichi yake.

*Barabarani.* Inapanda. Ile njia ya kutoka Westlands ambayo mimi naifanya nikitokwa jasho, yeye anafika ameketi wima, na mota yake si kubwa kuliko yangu. Inazunguka kwa kasi inayoipenda wakati wote, haichemki. Kwenye foleni inaondoka laini, ingawa habu hiyo huchukua sekunde moja au mbili kurudi nyepesi ukisimama ghafla. Kwenye tambarare inahisi nzito kidogo. Mipira na mafuta vinakula nguvu kuliko meno, na habu peke yake ina uzito wa karibu kilo mbili na nusu.

*Gharama na mafundi.* Umeme wa kila siku ni kama wangu, pengine pungufu mlimani. Cheni ndiyo inayolipa: inavutwa na mota na miguu pamoja, kwa hiyo ikazwe na kupimwa kila mwezi, na ukiichelewesha itakula sproketi pia. Kuijenga ni ghali kuliko zote, kwa umbali. Na habu ikipata kilema cha ndani, huifungui; unaagiza nyingine kutoka nje na kungoja. Jirani anahifadhi gurudumu la kawaida la nyuma kwenye stoo kwa ajili ya siku hiyo.

*Inamfaa* anayeishi juu au kubeba mzigo, mwenye magoti yanayolalamika, na mwenye pesa za kununua mara moja na subira ya kungoja spea.

Sheria, breki na betri

Sheria ya trafiki ya Kenya inahesabu chombo chochote kinachosukumwa kwa mashine kuwa ni gari, kwa hiyo usijenge ukiamini kwamba kuwa na pedeli kutakuokoa. Leseni ya daraja la A1 ni ya mopedi, isiyozidi 50cc. Hapo ndipo ile injini ya "80cc" inapokuletea shida, maana hata ukisema ukweli kwamba ni 66 bado umevuka. Nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na maelezo ya chombo chako kabla ya kununua, na risiti zote za injini, mota na fremu uzitunze. Helmeti na jaketi la kuakisi mwanga vaa kila siku. Expressway iache.

Breki ndizo zinazonitia wasiwasi ninapoona baiskeli za watu. Ukitoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, breki inapaswa kumeza nguvu mara nne. Zile breki za fito za Black Mamba kwenye rimu ya chuma iliyolowa hazishiki. Nimezijaribu kwenye mvua na nilisimama mbali sana na pale nilipotaka. Badilisha rimu ya mbele iwe ya alumini na breki za kubana, au weka diski. Fanya hivyo kabla ya mota.

Betri ya lithiamu isichajiwe karibu na mlango ambao ndio njia yako pekee ya kutoka, wala usiku umelala. Seli zilizotolewa kwenye laptopu na kuunganishwa bila saketi ya ulinzi sizitaki nyumbani kwangu. Betri za asidi ni rahisi kununua, lakini za volti 36 zina uzito wa kilo 12 hivi mahali ambapo lithiamu ni tatu. Kama unaishi ghorofa ya nne na unabeba betri juu kila jioni, umeshaelewa.

Kwa hali yako

Unakaa Donholm, Embakasi au Pipeline na kazi ni mjini? Njia yako ni tambarare na foleni yake ni ndefu. Mota ya mbele na habu ya gia mbili itakutosha, na huenda usihitaji gia kabisa miezi ya kwanza. Anza na mota, ongeza habu baadaye.

Unapanda kila jioni kwenda Kikuyu, Limuru au Ngong? Weka akiba ufikie mota ya katikati. Kama pesa haitoshi kwa habu ya automatiki, funga mota hiyo na gia za kawaida za nyuma. Utabadilisha kwa mkono lakini mota haitaungua.

Uko nje ya jiji, Kitengela au mbele ya Ruiru, safari ni zaidi ya kilomita 60 kwa siku na hakuna pa kuchaji kazini: petroli ya mipigo minne, klachi ya viatu, chini ya 50cc. Mkanda wa kujibadilisha uongeze kama kuna mwinuko njiani. Kama hakuna, uache.

Unataka kubeba abiria kwa malipo? Hakuna kati ya hizi tatu iliyo na fremu, breki wala matairi ya kazi hiyo. Tafuta pikipiki, ya petroli au ya umeme.

Na kama bado huna uhakika, fanya nilichomwambia kijana wa Kawangware aliyenisimamisha wiki iliyopita: chukua baiskeli uliyonayo, bila mota, uendeshe njia yako nzima siku mbili, na uandike kwenye simu kila mahali ulipobadilisha gia na kila mahali uliposimama. Alirudi na orodha. Gia mara 11, zote kwenye mlima mmoja. Kusimama mara 46. Tumeanza kumtafutia uma wa chuma.